Mgeni Mjini Tanga: Kutafuta Vitafunio Vizuri vya Asubuhi

Natumaini kila mmoja wenu ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu, nami nitayataja polepole. Neno la kwanza ni SAA. Neno la pili ni MTU. Neno la tatu ni MACHO. Wanafunzi yasomeni, kisha yanakilini. Mwisho wa somo kila mmoja wenu ataweza kueleza kwa nini nimeyachagua maneno haya.

Somo la leo ni juu ya safari na chakula. Nataka tujifunze namna mgeni anavyoweza kupata chakula kizuri cha asili katika mji asioujua. Mji wetu wa mfano ni Tanga, na chakula chetu ni vitafunio vya asubuhi. Labda mmoja wenu anacheka na kusema, "Hata kula nako kunataka somo?" Ndiyo, ndugu yangu, kunataka. Asiyejua hutoa fedha yake akala kibaya, na pengine akaumwa na tumbo. Mimi yalinipata hayo, nami nitawasimulia.

Kwanza tuelewane juu ya neno hili, kitafunio. Linatoka katika neno kutafuna. Kitafunio ni chakula kidogo kinacholiwa pamoja na chai au kahawa. Watu wa pwani hawapendi kunywa chai kavu. Katika sinia ya asubuhi utaona vitumbua, mahamri, chapati, sambusa, bajia, mkate wa kumimina, mihogo ya kukaanga, na bakuli la mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi. Huchukui kimoja ukashiba. Huchukua hiki kidogo na kile kidogo, huku mnazungumza.

Desturi hii si yetu peke yetu. Huko China ya kusini, katika miji ya Guangzhou na Hong Kong, watu huenda asubuhi katika nyumba za chai pamoja na wazee na watoto wao. Huletewa vyakula vidogo vidogo vya namna nyingi, na vingi vimepikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Wenyewe huviita dim sum, na maana ya maneno hayo ni karibu na kugusa moyo. Tena wakialikana hawasemi, "Twende tukale." Husema, "Twende tukanywe chai." Je, hamwoni kwamba sisi tunafanana nao? Mtu wa Tanga akikuambia, "Karibu chai," jua kwamba hakuiti kwenye chai tu.

Sasa sikilizeni kisa changu.

Nilikwenda Tanga kwa shughuli ya siku tatu. Nilifika usiku, nikalala katika nyumba ya wageni. Asubuhi nikaamka kama mtu aliye likizoni, nikatoka saa nne. Nilikuwa nimesikia sifa za vitumbua vya Tanga tangu utotoni. Nikatembea huku na huku, nisivione. Karibu na mahali pa mabasi nikamkuta mtu anaita wateja kwa sauti kubwa. Nikanunua sambusa mbili. Zilikuwa za baridi, ngozi yake imelegea, na ndani zina harufu ya mafuta ya zamani. Nilikula kwa sababu nilikwisha kulipa. Siku ile sikufanya shughuli yoyote. Nilishinda kitandani nimeshika tumbo.

Siku ya pili niliamka tena saa nne, tena sikupata kitu. Jioni nikamwambia mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani, "Shikamoo, mzee."

Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Lakini nimeuona mji wenu. Sifa ni nyingi, chakula hakuna."

Mzee yule hakukasirika. Aliniuliza neno moja tu: "Wewe waamka saa ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka sana. Akasema, "Mwanangu, kitumbua hakimngoji mtu. Kesho swali, kisha toka. Nenda barabara ya pili kutoka hapa, utaona moshi mlangoni kwa bibi. Hana kibao wala hapigi kelele. Ukifika saa mbili umechelewa."

Wasikilizaji, hapo ndipo tunapolipata neno letu la kwanza.

NENO LA KWANZA: SAA

Kila chakula cha asili kina saa yake. Kitumbua ni chakula cha alfajiri. Wapikaji wengi huwasha moto kabla jua halijatoka, na kuanzia saa kumi na mbili watoto huja na vyombo vyao kununulia nyumba nzima. Baada ya saa mbili au saa tatu vilivyobaki ni vichache, navyo vimepoa. Kwa sababu gani? Kwa sababu wanunuzi wake ni watu wanaokwenda kazini, shuleni, sokoni na baharini. Hao hawangoji mchana.

Jioni, baada ya alasiri, huja vitu vingine. Hapo utaona bajia, kachori, mihogo na viazi vya kukaanga. Usiku, baada ya magharibi, huja mishkaki na supu ya pweza. Kahawa chungu ina saa zake mbili, asubuhi na jioni, nayo hunywewa katika vikombe vidogo pamoja na kashata au halua. Mgeni anayetafuta mishkaki alfajiri na vitumbua jioni atasema mji ni mbaya, kumbe kosa ni lake.

Tena kumbukeni mwezi wa Ramadhani. Pwani yetu ina Waislamu wengi. Katika mwezi huo wapikaji wengi hawauzi mchana. Lakini jua likikaribia kutua, mitaa hujaa vyakula vya futari, kama kaimati, sambusa, tambi na uji. Mgeni asiyefunga na ajue hivyo, asile njiani mbele ya watu waliofunga. Hiyo ndiyo adabu.

NENO LA PILI: MTU

Asubuhi ya tatu nilitoka mapema, nikafuata maneno ya mzee. Nikauona moshi. Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya kigoda mlangoni kwake. Mbele yake palikuwa na jiko la makaa, na juu yake chuma cha vitumbua chenye vishimo. Watu sita walikuwa wakingoja, na kila mmoja ana bakuli au sahani yake. Mimi peke yangu nilikuwa mikono mitupu.

Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. U mgeni wewe?"

"Umejuaje, bibi?"

"Umekuja bila chombo."

Watu wote wakacheka, nami nikacheka. Kisha jirani yake akaniletea sahani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi, wasikilizaji, nani angeniambia habari za bibi huyu kama si mtu? Hakuwa na kibao cha tangazo. Wapikaji wengi wa vyakula vya asili ni mama na bibi wanaouzia mlangoni kwao. Majirani wanawajua, kwa hiyo hawana haja ya tangazo. Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ina ukweli mwingi, lakini msiishike kama sheria. Muuza kahawa naye hutembea mtaani akigonganisha vikombe vyake, na kahawa yake huweza kuwa nzuri kabisa.

Uliza nani, basi? Uliza wazee walioketi barazani. Uliza wachukuzi wa sokoni, maana hao hula mapema na hawana fedha za kupoteza. Uliza wavuvi. Tena uliza swali lililo wazi. Usiulize, "Wapi pana chakula kizuri?" Utaelekezwa kwenye hoteli kubwa, kwa kuwa watu hudhani mgeni anataka meza na kitambaa. Uliza hivi: "Nyumbani kwako asubuhi mnanunua vitumbua kwa nani?" Swali hilo litakufikisha.

Hapa kusoma kwenu kutawasaidia. Katika sehemu ya Ngamiani, mjini Tanga, barabara zina namba. Mtu akikuelekeza atakuambia barabara ya ngapi. Anayejua kuandika ataandika namba ile katika karatasi, na hatapotea. Kuna pia masoko, kama vile Mgandini, Makorora na Ngamiani, ambako kila mtu anaweza kukuonyesha njia.

Wala msione haya kuuliza. Tanga ni mji uliozoea wageni. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliletwa katika nchi hii, na baadaye mashamba yake yakavuta watu kutoka pande nyingi kuja kufanya kazi. Kabla ya hapo majahazi yalikwisha leta watu wa ng'ambo ya bahari. Ukitaka ushahidi, tazama sinia ya chai. Bajia na chapati asili yake ni Bara Hindi. Sambusa ilianzia upande wa Uajemi, ikapita kwa Waarabu na Wahindi. Kitumbua ni cha mchele na nazi, vitu vya pwani. Iliki inayotiwa ndani yake hulimwa hata katika milima ya Usambara, ambayo unaweza kuiona siku ya mwanga mzuri. Sinia moja ya chai ina safari nyingi ndani yake.

NENO LA TATU: MACHO

Umejua saa, umeuliza mtu, sasa umesimama mbele ya mpikaji. Tumia macho yako kabla hujatoa fedha.

Tazama mafuta. Mafuta mazuri ni meupe au ya manjano, wala hayatoi povu jingi. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa meusi, hutoa moshi mkali, na harufu yake hukaa kooni. Ukiyaona hayo, aga kwa adabu, uende zako.

Tazama usafi. Je, chakula kimefunikwa kwa kawa au kitambaa safi, au nzi wanatembea juu yake? Je, mpikaji hutoa chakula kwa koleo au kijiko, au hushika fedha kisha akashika chakula kwa mkono ule ule? Je, pana maji ya kunawa? Nawe mwenyewe nawa kwa sabuni. Magonjwa ya kuhara, na kipindupindu pamoja nayo, huingia mwilini kwa kinywa. Chagua kinachotoka motoni sasa hivi. Chakula kilichopoa tangu jana ndicho kilichonilaza kitandani.

Tazama kitumbua chenyewe. Bibi yule alinifundisha, nami nawafundisha ninyi. Kitumbua cha mchele huwa cha kahawia pembeni, na katikati ni cheupe kidogo. Ukikipasua, ndani kina matundu madogo madogo kama sega la nyuki, na harufu ya nazi na iliki hukupanda puani. Hukatika kwa urahisi. Kile kilichotiwa unga mwingi wa ngano huvutika kama mkate, na mara nyingi ni kizito. Kiweke juu ya karatasi safi. Kikiacha dimbwi la mafuta, hakikupikwa vizuri.

Nikamwuliza bibi, "Bibi, kazi yake ni nyingi?"

Akageuza vitumbua kwa kijiti chake, kisha akanieleza. Mchele huulowesha mchana. Usiku huusaga pamoja na tui zito na iliki, akatia hamira na sukari, akafunika mpaka uumuke. Saa tisa usiku huamka kuutazama, maana ukiumuka mno huwa mchachu. Saa kumi na moja huwasha makaa. Moto ukiwa mkali, kitumbua huungua nje na ndani kibichi. Moto ukiwa mdogo, hunywa mafuta.

Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Mjukuu wangu, mtaa huu tulikuwa wapikaji wanne. Wenzangu watatu sasa wanakaanga maandazi ya ngano. Siwalaumu. Unga wa ngano hausagwi usiku. Mnunuzi asiyejua tofauti huniambia, 'Mbona cha kwako ni kidogo na bei ni ile ile?' Akaenda zake. Anayejua ndiye anayeniweka hapa."

Wasikilizaji wapendwa, yafikirini maneno hayo. Tunapenda kusema kwamba vyakula vya asili vinapotea, nasi huwalaumu vijana au wapikaji. Lakini mpikaji hupika kinachonunuliwa. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizuri na kibaya humlazimisha mpikaji kuchagua kilicho rahisi. Mnunuzi mwenye macho humpa mpikaji sababu ya kuamka saa tisa ya usiku. Kwa fedha ya vitumbua bibi yule alikuwa amewasomesha watoto watatu. Kwa hiyo shilingi zako ni kama kura. Unapozitoa, unasema ni kazi gani idumu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana safari bila hesabu ni hasara. Bei hubadilika, basi hizi ni bei za mfano tu. Tuseme kitumbua kimoja ni shilingi 300. Bakuli la mbaazi ni shilingi 1,000. Kikombe cha chai ni shilingi 400. Wewe umekula vitumbua 3, mbaazi bakuli 1, na chai vikombe 2. Andikeni:

Vitumbua 3 × 300 = 900
Mbaazi 1 × 1,000 = 1,000
Chai 2 × 400 = 800
Jumla = 2,700

Umetoa noti ya shilingi 5,000. Utarudishiwa shilingi 2,300. Hesabu chenji yako palepale, kwa upole, bila kumshuku mtu. Tena usiende alfajiri na noti ya shilingi 10,000. Mpikaji bado hajauza, atapata wapi chenji? Beba noti ndogo na sarafu. Tena beba chombo, ili usijulikane ugeni wako kama nilivyojulikana mimi.

Haya tuliyojifunza yatawafaa hata nje ya mji wa Tanga. Ukifika Pangani, au ukifika Mombasa, Bagamoyo au Unguja, vyakula na majina yake vitabadilika kidogo, lakini maneno matatu ni yale yale. Jua saa, uliza mtu, tumia macho.

Mimi niliondoka Tanga siku ile ya tatu. Basi lilipofika Muheza, abiria walinunua machungwa, nami nilikuwa nimepakata kifurushi cha vitumbua vya bibi, bado vina vuguvugu. Jirani yangu kitini aliniuliza nimevipata wapi, maana yeye amekaa Tanga juma zima asivione. Nikamwuliza, "Wewe waamka saa ngapi?"

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Mwalimu wa darasa, yasome maswali haya pamoja na wanafunzi wako, kisha kila mmoja ajibu katika daftari lake.

MASWALI

1. Neno kitafunio linatoka katika neno gani?
2. Kwa nini msimulizi hakupata vitumbua siku mbili za kwanza?
3. Mgeni aulize swali gani ili aelekezwe kwa mpikaji mzuri?
4. Taja dalili tatu za mafuta mabaya.
5. Kitumbua cha mchele na kitumbua cha ngano vina tofauti gani?
6. Vitumbua 5 kwa shilingi 300 kila kimoja ni shilingi ngapi? Ukitoa noti ya shilingi 2,000 utarudishiwa ngapi?
7. Katika mtaa wenu, ni chakula gani cha asili ambacho wapikaji wake wamepungua? Andika sentensi tatu kueleza sababu.

Jibu la swali la mwisho lisomeni kwa sauti mbele ya wenzenu, mpate kuzungumza. Mpaka somo lijalo, kwaherini.